Mwanafunzi Hataki Kuandika: Tafuta Kwanza Kalamu Inakwama Wapi

"Huyu hapendi kuandika." Tunalisema jambo hili haraka sana, mara nyingi kabla hatujakaa na mtoto mwenyewe. Nimefundisha insha kwa miaka mingi, na kila nilipokaa na mmoja wa hawa wanaoitwa wavivu nilikuta kuna kitu mahususi anachokikwepa. Mmoja mkono unamuuma. Mwingine sentensi ya kwanza imekataa kutoka. Mwingine bado anaiona kalamu nyekundu ya mwaka jana. Mwingine amepewa mada isiyomhusu ndewe wala sikio.

Kuandika ni kazi nyingi zinazofanywa kwa mkupuo mmoja: kutafuta la kusema, kulipanga, kuchagua maneno, kukumbuka tahajia, kuumba herufi, na huku unamfikiria atakayesoma. Ikikwama moja, zote zinasimama. Kwa nje unachoona ni kilekile, mtoto na karatasi tupu. Kwa hiyo ukitoa dawa moja kwa wote, utampata mmoja na kuwakosa watano. Na dawa tunayoitoa mara nyingi zaidi, yaani maneno ya kutia moyo, ndiyo inayoponya wachache zaidi. Mtoto ambaye mkono wake hauwezi, ukimwambia "jitahidi, unaweza", anabaki na mkono uleule na aibu juu yake. Hamu ya kuandika huja baada ya mtoto kuonja kwamba ameweza, na hawezi kuonja mpaka pale palipokwama palegezwe.

Majaribio matatu kabla ya dawa

Fanyeni haya mkiwa wawili tu, bila alama, bila wenzake kutazama. Hayazidi dakika kumi.

La kwanza, mwombe akusimulie kwa mdomo kile alichotakiwa kukiandika. Mpe dakika mbili na usimkatize. Akisimulia vizuri, basi la kusema analo, na tatizo liko kati ya mdomo na karatasi. Akikwama hata kwa mdomo, geukia mada, swali lenyewe, au ujuzi wake wa jambo hilo.

La pili, mpe kifungu kifupi anachokijua, akinakili kwa dakika moja. Hapa hatungi chochote, kwa hiyo unachokitazama ni mkono na jicho. Je, anainua kichwa kila baada ya silabi moja? Anakamua kalamu mpaka ncha za vidole zinabadilika rangi? Anasimama kutikisa kiganja?

La tatu, mwambie aandike chochote kwa dakika tatu, na umwahidi mapema kwamba hutasoma. Usisome kweli, hata akikupa. Mtoto anayetiririka hapo kisha akagoma kwenye insha anamwogopa msomaji, na msomaji huyo huenda ni wewe.

Andika ulichokiona kwenye daftari lako, kisha tafuta dalili inayofanana hapa chini.

"Sijui niandike nini"

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, na yana vyanzo viwili vinavyofanana kwa sura lakini vinavyotaka tiba tofauti.

Chanzo cha kwanza ni mada pana kupita kiasi. "Umuhimu wa usafiri." "Faida za elimu." Mtu mzima mwenye uzoefu akipewa mada hizi huchagua kipande akakishika. Mtoto hajui kwamba ana ruhusa ya kuchagua kipande. Anajaribu kubeba usafiri wote duniani, anashindwa, anaweka kalamu chini.

Nilikuwa na kijana aliyeniletea mistari mitatu juu ya usafiri. Usafiri ni muhimu. Usafiri hutusaidia kusafiri. Kuna usafiri wa aina nyingi. Nilijua kwamba alikuwa akiwatengenezea wenzake baiskeli, basi nikamwuliza mnyororo ukikatika unafanya nini. Akabadilika. Akaniambia kwanza unatafuta pini iliyotoka, unaigonga polepole isije ikapinda, unapunguza kiungo kimoja, lakini ukipunguza viwili mnyororo utabana na gurudumu halitakaa sawa. Alipokuwa akisema, nilikuwa naandika maneno yake yaleyale. Nikamwekea karatasi mbele. "Haya umesema wewe. Endelea kutoka hapa." Akaisoma kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hata haya yanaruhusiwa?"

Swali lile lilinifundisha kuliko semina nyingi. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba insha inataka maneno mengine, maneno makubwa, ya watu wengine. La kusema alikuwa nalo tele, ila hakujua kama linakubalika.

Kwa mtoto wa namna hii fanya mambo mawili. Pasua mada. Badala ya "usafiri", mpe "siku mnyororo ulipokatika". Badala ya "urafiki", mpe "jambo moja ambalo rafiki yangu alilikosea na nikanyamaza". Mada nyembamba hutoa maneno mengi kuliko mada pana, jambo ambalo walimu wengi hawaliamini mpaka walijaribu. Pia mwambie aorodheshe vitu kumi anavyoweza kuvifanya ambavyo wewe mwalimu huviwezi. Orodha hiyo ibaki nyuma ya daftari lake mwaka mzima. Siku akisema hana la kuandika, mwombe aifungue.

Kisha wape muda wa kuongea kabla ya kuandika. Wawili wawili, kila mmoja dakika mbili, anayesikiliza anaruhusiwa kuuliza. Darasa litakuwa na kelele. Vumilia.

Chanzo cha pili ni kwamba kweli hana. Jaribio la mdomo litakuonyesha: anazungukazunguka, anarudia maneno ya swali. Huyu usimhimize, mlishe. Mpe habari fupi asome, mpeleke atazame kitu kinavyofanya kazi, au weka kitu kimoja cha kawaida mezani, kwa mfano kufuli na ufunguo wake, aeleze kinavyofunga bila kukitaja jina. Kumdai maneno mtu asiye na habari ni kumfundisha kujaza karatasi kwa maneno matupu, na tabia hiyo ikishaota mizizi ni ngumu kuing'oa.

Sentensi mbili, halafu "nimemaliza"

Jana mvua ilinyesha. Tulirudi nyumbani tumelowa.

Walimu wengi huandika hapo "Eleza zaidi". Mtoto hajui hiyo "zaidi" inapatikana wapi. Kwa upande wake habari imeisha: ilinyesha, walilowa. Mtu akizungumza, aliye mbele yake hukunja uso, huuliza, huitikia "ehe, halafu?", na mazungumzo yanarefuka bila juhudi. Kwenye karatasi mtu huyo hayupo. Watafiti wa Kanada, Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, walilichunguza hili sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliona kwamba watoto waliosema wamemaliza, wakiambiwa tu waendelee, mara nyingi walikuwa na mengine ya kuandika. Walichokuwa wamekikosa ni msukumo wa yule mwenzao wa mazungumzo.

Basi kuwa wewe mtu huyo, kwa maandishi. Pembeni mwa sentensi zile nimewahi kuandika maswali matatu na kuacha nafasi chini ya kila moja: Mlikuwa wangapi? Mlijuaje kwamba mvua inakuja? Nani alilowa zaidi, na kwa nini yeye? Kesho yake nikapata hii:

Jana tulikuwa sita. Upepo ulianza kunuka vumbi, dada akasema tukimbie. Mimi sikuweza kukimbia kwa sababu kiatu changu kimoja mkanda ulikuwa umekatika. Wenzangu walifika mapema wakajificha. Mimi nililowa peke yangu.

Kiatu kilikuwepo tangu mwanzo. Kilingoja kuulizwa.

Maswali yawe ya mtu anayetaka kujua kweli, na yasizidi matatu. Baada ya wiki chache mpe karatasi ya mwenzake, yeye ndiye aulize. Akizoea kuuliza ya wengine ataanza kujiuliza ya kwake, na hapo ndipo unapoweza kujitoa. Kidokezo kingine kidogo: ukitaja idadi ya maneno tangu mwanzo, watoto hawa huhesabu badala ya kufikiri. Idadi itaje kwenye rasimu ya pili.

Anafuta kuliko anavyoandika

Tazama dawati lake. Vumbi la ufutio limejaa, karatasi imekwaruzwa mpaka imetoboka mahali palepale, mstari wa kwanza. Dakika 20 zimepita na ana maneno manne. Wengine watasema hana bidii. Kwa kweli huyu ndiye anayefanya kazi kuliko wote darasani, ila anaifanya mahali pamoja.

Mara nyingi kuna kanuni kichwani mwake inayombana. Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi huko Los Angeles, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi 10 wa chuo kikuu, watano kati yao wakiwa wanakwama wanapoandika na watano hawakwami. Waliokwama walikuwa na kanuni ngumu wanazozifuata kama sheria. Mmoja aliamini kwamba kila sentensi lazima itoke sahihi kisarufi mara ya kwanza, na akawa anatumia saa nzima na zaidi kwenye aya ya mwanzo. Wasiokwama nao walikuwa na kanuni, ila zao zilikuwa za kupinda: ikikataa hivi, jaribu vile.

Kanuni hizi mtoto hakuzaliwa nazo. Tumemfundisha sisi. "Mwanzo wa insha lazima uvutie." "Usianze sentensi kwa neno 'na'." "Insha nzuri ina aya tano." Na kila tulipolisifu daftari safi lisilo na mkato hata mmoja, tulimthibitishia.

Kwanza mwondolee ufutio. Aandike kwa kalamu ya wino, na akikosea apige mstari mmoja tu juu ya neno aendelee. Aruke mstari mmoja kila anapoandika, ili apate mahali pa kurekebisha. Juu ya karatasi aandike kwa herufi kubwa RASIMU, na rasimu hiyo isisahihishwe makosa ya tahajia na mtu yeyote. Mruhusu aanzie katikati, pale anapopajua vizuri. Utangulizi ataurudia akishajua anatangulizia nini. Wengine nimewaomba waanze kwa makusudi na sentensi mbaya kuliko zote wanazoweza kuzifikiria. Wanacheka, wanaandika, na kalamu inakuwa imeshatembea.

Uandishi huria husaidia pia: dakika tano, mkono usisimame, akikosa la kusema aandike "sina la kusema" mpaka lije. Mwanzoni watakujazia ukurasa wa "sina la kusema". Siku ya tatu au ya nne wanachoka nayo na kitu kingine kinaanza kutoka.

Lakini dawa iliyowafaa wanafunzi wangu kuliko zote ni kuandika mbele yao. Nilichukua mada niliyowapa, nikasimama ubaoni bila maandalizi, nikaanza. Nikakata sentensi ya kwanza. Nikakata ya pili. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Hapa nimekwama, sijui nimwanzie mzee au nianzie mlango." Darasa lilinyamaza kama halijawahi kuniona. Watoto walikuwa wameona insha za mfano zilizokwisha kukamilika tu, na waliamini kwamba kwa mwandishi hodari maneno hutoka yamepangwa hivyohivyo. Siku ile msichana aliyekuwa akitoboa karatasi aliniletea ukurasa mzima uliojaa mikato, akanionyesha mikato kwanza.

Mdomo mwepesi, mkono mzito

Kwa mdomo anasimulia mpaka unasahau kengele. Kwa karatasi ni mistari minne, herufi zinapanda na kushuka, maneno yamebanana. Kama jaribio la kunakili lilimchosha, acha habari za ari na shughulikia mkono.

Akili ina nafasi finyu ya mambo inayoyashika kwa wakati mmoja. Mtoto anayelazimika kukumbuka herufi "g" inaanzia wapi hana nafasi ya kukumbuka mwisho wa sentensi aliyoianza. Wazo linampotea njiani. Steve Graham na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2000 utafiti juu ya watoto wa darasa la kwanza waliokuwa na mwandiko wa polepole. Waliopewa vipindi vifupi vya ziada vya mwandiko, vya dakika 15 hivi, waliandika herufi vizuri zaidi na utunzi wao pia ukasonga mbele. Kwa hiyo usione aibu kurudi kwenye herufi hata na mtoto mkubwa. Dakika kumi kila siku, herufi zinazofanana umbo pamoja, kisha maneno, kisha sentensi anayoipenda.

Wakati mkono unajengwa, mawazo yasingoje. Ajirekodi kwa simu akisimulia, kisha asikilize na kuandika kipande kwa kipande. Au mwenzake aandike nusu ya kwanza kwa imla, yeye amalizie. Kama anajua kuchapa kwenye kompyuta, achape.

Angalia pia mambo madogo yanayosahaulika. Macho: je, anauona ubao? Anayetumia mkono wa kushoto mkalishe mwisho wa kushoto wa dawati ili viwiko visigongane, na karatasi ailaze upande, juu pakielekea kulia. Na ukiona miezi inapita, mazoezi yamefanyika kwa uaminifu, anasoma na kuongea vizuri lakini maandishi hayasogei, huenda ni disgrafia, ugumu wa kuandika ambao hauhusiani na akili wala bidii. Hapo zungumza na wazazi na mtafute mtaalamu, na wakati huo mpime kwa njia nyingine.

Tahajia nayo humlemea mtoto kwa namna hiihii. Kiswahili kina bahati, maneno huandikwa karibu sawa na yanavyotamkwa, lakini mahali pa kuteleza papo: "ana kwenda" yakitenganishwa, "kwasababu" yakiunganishwa, "apa" bila h, r na l zikipokezana. Usiyashambulie yote kwa siku moja. Chagua moja kwa wiki mbili, mengine yafumbie macho. Mtoto akijua kwamba wiki hizi tunatazama viambishi kushikamana na mzizi tu, anapata nafasi ya kupumua.

Kama anafikiri kwa lugha nyingine, mwache apange insha yake kwa lugha hiyo, hata aandike neno moja moja la lugha hiyo katikati ya rasimu panapomkwamisha. Atalibadilisha baadaye.

Alikuwa akiandika, sasa ameacha

Hii ndiyo inayoniuma. Ukiona mtoto aliyekuwa akijaza kurasa sasa anakupa nusu ukurasa, sentensi fupi, maneno ya salama yasiyo na kosa wala uhai, rudi kwenye daftari lake. Fungua nyuma, kazi moja baada ya nyingine, utafute mahali palipokatika. Kwa kawaida ni pale aliporudishiwa kazi.

Nilifanya hivyo na msichana mmoja, nikapakuta. Aliandika juu ya kifo cha bibi yake. Kulikuwa na sentensi inayosema kwamba kiti cha bibi bado kiko mlangoni na hakuna anayekikalia. Mwandiko mwekundu juu ya ukurasa ule ulikuwa wangu. Nilikuwa nimezungushia makosa kumi na tisa, na mwisho nikaandika: "Zingatia alama za uakifishaji." Juu ya bibi, neno hakuna. Juu ya kiti, hakuna. Kuanzia hapo aliandika sentensi fupi zisizohitaji alama ya mkato.

Nilimwita, nikamwomba radhi, nikamwambia kwamba ile sentensi ya kiti niliirudia mara mbili nilipoisoma tena. Haikumrudisha siku hiyo. Ilichukua muhula.

Sasa nasoma kila kazi mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Kisha naandika kama msomaji kabla sijaandika kama msahihishaji, na nataja mahali hasa. "Vizuri" haimwambii kitu. "Pale ulipomwacha mbwa aingie ndani nilitaka kujua baba alisema nini" inamwambia kwamba kuna mtu amesoma. Baada ya hapo jambo moja la kurekebisha, na nafasi ya kulirekebisha, kwa sababu sahihisho lisilofuatwa na rasimu nyingine linabaki kuwa hukumu.

Na alama? Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti alioufanya Israeli kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Kazi zao hazikuwa insha, lakini jambo lenyewe linatuhusu. Waliopewa maoni pekee waliendelea kufanya vizuri zaidi na hamu yao ikabaki juu. Waliopewa alama pekee hawakusonga hivyo, na hata waliopewa alama pamoja na maoni hawakufaidi yale maoni. Nimeona sababu yake kwa macho yangu: mtoto anafungua daftari, anatafuta namba, anafunga. Basi rudisha maoni leo, apate siku mbili za kuyafanyia kazi, ndipo namba ifuate.

Sarufi ifundishe kutoka kwenye sentensi zao wenyewe. Steve Graham na Dolores Perin walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 2007 juu ya wanafunzi kuanzia darasa la nne hadi mwisho wa sekondari, kufundisha sarufi peke yake hakukuboresha uandishi. Kilichosaidia sana ni kuwafundisha wazi hatua za kupanga, kuandika na kurekebisha.

Na kama kuna desturi ya kusoma insha mbaya mbele ya darasa ili watu wacheke, iishe leo.

"Inahesabiwa alama?"

Huyu anaweza kuandika na anajua hivyo. Anataka kujua bei kabla hajatoa. Kabla ya kumlaumu, jiulize ni nani mwingine amewahi kusoma kazi yake. James Britton na wenzake huko London walikusanya maandishi yapatayo 2,000 kutoka shule 65 za sekondari, na matokeo waliyoyatoa mwaka 1975 yalionyesha kwamba karibu nusu yalimlenga mwalimu kama mtahini. Yaani mtoto anamweleza mtu jambo ambalo mtu huyo analijua tayari, ili apimwe. Nani angependa kufanya hivyo kila wiki?

Mtafutie msomaji asiyejua. Aandike maelekezo kwa wadogo zake wa darasa la chini, kisha wadogo wayafuate mbele yake, naye aone wapi wamepotea. Aandike barua kwa mtu atakayeijibu. Aandike kumbukumbu za mzee kwa ajili ya familia ya mzee huyo. Mtoto aliyeona mdogo wake akikosea kwa sababu hatua ya tatu haikueleweka hurudi mwenyewe kuirekebisha, bila kuuliza alama.

Zawadi zitumie kwa uangalifu. Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walitoa matokeo yao mwaka 1973 juu ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, wiki moja au mbili baadaye, cheti kisipokuwepo, walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungua. Mimi siahidi tena. Alama siwezi kuzifuta, mitihani ipo, lakini katika kazi nne mwanafunzi huchagua moja tu nimpe namba. Kule kuchagua kunamlazimisha azisome kazi zake zote upya.

Amenakili, au ameandikiwa na mashine

Insha ya kukariri, insha ya kaka yake, insha ya programu ya akili mnemba: nazichukulia kama dalili moja. Mtoto anaficha kitu, na mara nyingi ni mojawapo ya yale ya juu. Mwite asimulie alichokileta, kisha mfanyie majaribio matatu. Kwa kazi zijazo anzisheni rasimu darasani, dakika kumi za kwanza mbele yako, na mada ishikamane na kitu alichokiona yeye mwenyewe. Adhabu ukiona lazima itoe, ila haitakuambia alikwama wapi.

Anachonga penseli, anaomba ruhusa, anachokoza jirani

Tazama saa. Anayekimbia kabla ya neno la kwanza hana la kusema au hajaelewa swali. Anayekimbia baada ya mstari mmoja anaogopa kukosea. Anayekimbia baada ya dakika nane au kumi mkono umechoka. Muda wa kutoroka unakuelekeza kwenye sehemu ya kusoma hapo juu.

Darasa zima limegoma

Likigoma darasa zima, chunguza kazi uliyoitoa kabla ya kuwachunguza wao. Ni nani atasoma? Walipata nafasi ya kuongea kwanza? Mada inashikika? Wamewahi kukuona wewe ukiandika? Mara nyingi nimebadilisha mada palepale, kipindi kikaokoka.

Ukishaanza tiba

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na ulipe wiki tatu. Ukibadilisha matatu pamoja hutajua lipi lilisaidia. Usipime ubora mapema. Pima dakika zinazopita tangu useme "anzeni" mpaka kalamu iguse karatasi, na hesabu mistari. Dakika zikipungua kutoka nane hadi mbili, uko njiani hata kama insha bado ni mbovu.

Kisha rudia majaribio yale matatu, kwa sababu pa kukwamia huhama. Kijana wa baiskeli alipopata ruhusa ya kuandika anayoyajua, ghafla mkono ndio ukawa tatizo, kwani sasa alikuwa na mengi kuliko ulivyozoea. Tukafanya mazoezi ya herufi wiki sita. Baadaye akaja na ukurasa na nusu, amekwama kwenye mstari wa mwisho: "Mwalimu, ya kuanza ninayo. Sasa hii inamalizwaje?" Nikamwambia asome sentensi yake ya kwanza kwa sauti, kisha aniambie mtu aliyeisoma angekuwa bado anangoja kujua nini.